Kabla hujapeleka majina ishirini

Swali limetoka Rwamwanja, makazi ya wakimbizi wilayani Kamwenge, Uganda, kwa mama mwenye miaka 52 anayeishi na sukari tangu 2016. Ni katibu wa kikundi cha watu wenye sukari na presha kinachokutana chini ya mwembe kila Alhamisi. Shirika moja limekubali kulipia mafunzo ya viongozi 20 wa jamii, ili nao waendeshe kozi za kuwasaidia wagonjwa kujitunza nyumbani. Majina yanatakiwa baada ya wiki mbili. Mwenyekiti wa kikundi ameshaandika orodha yake: wachungaji, walimu wa shule ya msingi, wenyeviti wa vijiji. "Ni watu wazuri," anaandika mama huyu, "lakini hakuna hata mmoja anayemeza dawa kila siku. Tuwachague hao kwa sababu wamesoma na wanaheshimiwa, au tuchague wenzetu wagonjwa ambao wengine hawakumaliza darasa la saba? Wafundishwe nini, kwa siku ngapi? Na muuguzi wa kituo hatatukasirikia kwamba tumejifanya madaktari?"

Mama Katibu,

Siku zako ni chache, kwa hiyo nianze na jibu lenyewe. Chagua wenzako wagonjwa. Liombe shirika likubali watu 12 kwanza badala ya 20, na waongoze wawili wawili. Siku nne za mafunzo zinatosha, mradi sehemu kubwa ya siku hizo wafanye mazoezi ya kuongoza, wasikae kusikiliza mihadhara. Na jambo kubwa la kuwafundisha si habari za sukari wala presha. Ni namna ya kumsaidia mtu apange jambo moja dogo la wiki hii, halafu wiki ijayo wamsikilize akieleza lilivyokwenda, bila kumhukumu na bila kukimbilia kumpa jibu. Kiongozi akiliweza hilo, kozi itasimama. Asipoliweza, hata awe na shahada, watu watakuja mara mbili na hawatarudi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kulikosea. Miaka mingi iliyopita, katika wilaya nyingine, nilipewa kazi ya kufundisha viongozi wa kozi kama hiyo, nami nikafanya kama anavyotaka mwenyekiti wako. Nilichukua mwalimu mkuu, wahubiri wawili, madiwani, na wazee wenye sauti. Niliwapa siku tano za masomo juu ya kongosho, moyo na figo, na waliandika madaftari mazuri. Kisha nikaenda kumtazama mwalimu mkuu akiongoza kikao chake cha pili. Alikuwa amewapanga watu mistari kama darasani. Bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu alisimamishwa ataje dalili tano za sukari. Alitaja tatu. Mwalimu akasema, "Kaa, wiki ijayo uzijue." Bibi yule alikuwa na sukari kwa miaka tisa, na dalili alizijua mwilini mwake kuliko mtu yeyote pale. Wiki iliyofuata hakuja. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alifanya kile alichokijua, na mimi ndiye niliyemweka pale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wazo hili la mgonjwa kuongoza wagonjwa wenzake lina historia ndefu, na ni vizuri ulijue ili ukisimama mbele ya mwenyekiti uwe na la kusema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, muuguzi aitwaye Kate Lorig alianzisha kozi kwa watu wenye ugonjwa wa viungo, ikiongozwa na watu wa kawaida. Yeye na wenzake walipopima matokeo walikuta jambo ambalo hawakulitarajia: waliopata nafuu hawakuwa lazima wale waliojifunza mengi zaidi au waliofanya mazoezi mengi zaidi. Walikuwa wale ambao imani yao ya kwamba "mimi naweza kufanya kitu juu ya ugonjwa huu" ilikuwa imepanda. Katika chuo hichohicho alikuwepo mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyetumia miaka mingi kueleza imani hiyo inatoka wapi. Kwanza mtu hufanikiwa mwenyewe katika jambo dogo. Pili humwona mtu anayefanana naye akifanikiwa. Tatu huanza kuzielewa dalili zake kwa namna nyingine. Nne huhimizwa na wenzake. Itazame orodha hiyo, mama, uniambie ni mambo mangapi kati ya hayo manne yanahitaji koti jeupe.

Kutokana na kazi ile ilizaliwa kozi ya wiki sita kwa watu wenye magonjwa ya kudumu ya kila aina pamoja: sukari, presha, pumu, moyo, viungo. Watu wapatao 10 hadi 16 hukutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili na nusu. Viongozi ni wawili, na angalau mmoja wao anaishi na ugonjwa wa kudumu. Mwaka 1999 Lorig na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha waliopita kozi hiyo na waliokuwa bado wanaisubiri. Baada ya miezi sita waliopita kozi walikuwa wanafanya mazoezi zaidi, wanazungumza vizuri zaidi na madaktari wao, wana uchovu na wasiwasi mdogo zaidi, na wamelazwa hospitalini mara chache zaidi. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuieneza kozi ya aina hiyo katika huduma zake za afya.

Lakini usiende mbali hivyo ukisahau nyumbani. Hapa Uganda tulilijua jambo hili mapema kwa njia chungu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa ametoka kumzika mumewe aliyekufa kwa UKIMWI, pamoja na wachache waliokuwa wameguswa na ugonjwa huohuo, waliunda TASO, shirika la kuwasaidia watu wanaoishi na UKIMWI. Wakati ule dawa za kupunguza virusi zilikuwa hazijatufikia. Walichokuwa nacho ni mgonjwa kukaa na mgonjwa na kuulizana: leo tunaishi vipi? Baadaye dawa zilipofika, vituo vingi vya afya viliendelea kuwatumia wagonjwa wazoefu kuwashika mkono wapya. Kwa hiyo muuguzi wako akikunja uso, mkumbushe kwa upole kwamba kwenye kliniki ya virusi jambo hili ni la kawaida kabisa. Sisi wa sukari na presha ndio tumechelewa, na tumechelewa wakati mzigo ni mkubwa: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi wao hawakujua.

Sasa, nani hasa?

Mtafute mtu ambaye majirani tayari wanamwendea. Kila kijiji kina mama ambaye wengine hupitia kwake wakitoka kliniki kumuuliza, "Hiki kidonge cheupe kinamezwa kabla ya kula au baada?" Huyo ameshachaguliwa na watu. Awe anaishi na ugonjwa wa kudumu au anamuuguza mtu wa karibu mwenye nao, na aweze kuutaja bila aibu. Awe anatumia dawa zake, ingawa si lazima sukari yake iwe nzuri kila mara. Mtu aliyewahi kuacha dawa kisha akarudi ana maneno ambayo mtu mkamilifu hana. Awe mtunza siri. Katika kila jozi mmoja aweze kusoma mwongozo kwa sauti bila kukwama, na huyo wa pili hata kama hasomi si tatizo. Nimefanya kazi na mzee asiyejua kusoma ambaye kikao kizima kilimtegemea, kwa sababu yeye ndiye aliyekumbuka kila mtu alipanga nini wiki iliyopita. Changanyeni wanaume na wanawake, maana wanaume wengi hawatasema mbele ya mama kwamba dawa ya presha imewapunguzia nguvu za ndoa, na hiyo ndiyo sababu wanaiacha.

Mtu anayeuza dawa za mitishamba au vidonge vya nguvu msimchukue kuwa kiongozi, hata kama ni rafiki. Kikao kitageuka soko.

Wachungaji, mashehe na wenyeviti wa vijiji wana kazi yao, na ni kazi nzito. Bila wao hampati mahali, hampati tangazo siku ya ibada, na mwanamume mkaidi hatoki nyumbani. Waiteni kwa nusu siku. Waelezeni kozi ni nini, na waombeni mambo mawili: wawatangazie watu, na wasimwambie mgonjwa yeyote kwamba maombi yakishafanyika dawa ziachwe. Liseme hilo waziwazi, kwa heshima. Wahubiri wengi ninaowajua husikia wakielezwa hivi: omba, na meza, Mungu anasikia pande zote mbili. Kwa upande wa Waislamu, shehe ni mtu wa kukusaidia sana kabla ya Ramadhani, kwa sababu mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga anatakiwa kwanza azungumze na mhudumu wa afya kuhusu dawa zake, na ushauri huo ukitoka msikitini unasikika. Watu wa VHT, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, ambao serikali imewatumia vijijini tangu 2001, wanafaa pia, ila wengi wamebebeshwa chanjo, malaria, vyoo na mengine kumi. Kama mnaye mwenye moyo, mweke jozi na mgonjwa, asiwe peke yake.

Kuhusu mafunzo yenyewe. Kosa linalofanyika kila mahali ni kudhani kwamba kiongozi ni lazima ajue zaidi ya mshiriki. Hapana. Kiongozi anatakiwa ajue mwongozo, akae ndani yake, na aweze kunyamaza. Mafunzo ya viongozi wa kozi ile ya Stanford huchukua siku nne, na ndani yake kila mtu anapitia kozi yenyewe kama mshiriki, kisha anasimama kuongoza sehemu yake mbele ya wenzake, na anasahihishwa. Huo ndio mpangilio ninaokushauri. Siku ya kwanza watu wako wasiitwe viongozi kabisa. Wakae kama wagonjwa, wapange mipango yao, waone aibu yao, wacheke. Siku ya pili waanze kuongoza vipande vya dakika kumi kumi, siku ya tatu warudie. Siku ya nne ni ya hali ngumu: mtu anayesema peke yake saa nzima, mtu asiyesema kabisa, mtu anayelia, mtu anayesema "hayo yote ni uongo, mimi nilipona kwa majani machungu ya mululuza." Waigizeni watu hawa, na msiige kidogo, waige kweli, mpaka kiongozi atoke jasho mbele yenu badala ya kutoka jasho mbele ya wageni.

Lakini zaidi ya nusu ya muda upeleke kwenye mpango wa wiki. Nikuoneshe kwa nini, maana ukiandikwa kwenye karatasi unaonekana kitu chepesi.

Mwisho wa kila kikao kila mshiriki anasema jambo moja atakalolifanya kabla ya kukutana tena. Jambo analotaka yeye, si lile daktari alilomwambia. Aseme ni nini, kiasi gani, wakati gani, na siku ngapi. "Nitafanya mazoezi" si mpango. "Nitapunguza chumvi" si mpango. Mpango ni: "Nitatembea kutoka nyumbani hadi kwenye bomba la maji na kurudi, asubuhi kabla jua halijawa kali, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Kisha anaulizwa: kutoka sifuri mpaka kumi, una uhakika gani kwamba utaufanya wote? Akisema saba au zaidi, mwache. Akisema chini ya saba, muulize kinachomzuia, na mpango upunguzwe mpaka uhakika upande.

Wengi wa watu wetu hawajazoea kujipima kwa namba. Mimi hutumia maharage kumi mezani. Mtu anasogeza upande wake maharage anayoona yanalingana na uhakika wake, na kila mtu anaona. Siku moja mama alisema kwa mdomo "nina uhakika kabisa," mkono ukasogeza manne. Wote tukaona mkono. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanzia: alikuwa amepanga kupika bila chumvi kwa nyumba nzima, na mama mkwe alikuwa anaishi nao. Mpango wake tuliubadilisha, akaamua atatenga mboga yake kwenye kisufuria kidogo kabla ya kutia chumvi, jioni tatu kati ya saba. Maharage yakafika nane.

Sasa tazama mahali viongozi wapya wanapoanguka. Wiki inayofuata mshiriki anarudi na kusema, "Sikuweza. Mvua ilinyesha, na mtoto aliugua." Kiongozi mpya huchukua njia mojawapo kati ya mbili. Ama anamfariji haraka, "si kitu, utajaribu tena," na anapita kwa mwingine; ama anamshauri, "mimi ningekuwa wewe ningetembea ndani ya nyumba." Njia zote mbili zinamfungia mlango. Anachotakiwa kufanya ni kumuuliza: "Ungependa tulitafutie njia pamoja?" Akikubali, kikundi kinaulizwa: nani amewahi kupata tatizo kama hili, alifanyaje? Mawazo yanatajwa, hakuna linalokosolewa, hakuna linalojadiliwa, na mwenye tatizo anachagua moja la kujaribu. Kama hakuna linalomfaa, anaruhusiwa kusema hivyo. Kiongozi hatoi wazo lake mpaka mwisho kabisa, na mara nyingi hahitajiki. Katika mafunzo huwaambia watu wahesabu kimyakimya mpaka kumi na tano baada ya kuuliza swali kabla ya kufungua mdomo tena. Wanaona ni milele. Lakini karibu kila mara mtu husema kitu kwenye kumi au kumi na mbili, na mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kusema.

Hiki ndicho wazee na walimu wanakiona kigumu. Sisi tumelelewa kwamba mwenye heshima ndiye anayetoa shauri, na mdogo ndiye anayelipokea. Kunyamaza mbele ya mtu mwenye shida kunaonekana kama kumtupa. Siku nne ni za kuwazoesha viongozi waone kwamba kumpa mtu nafasi ya kulipata jibu lake ni heshima kubwa kuliko kumpa jibu.

Kuhusu muuguzi: nenda kwake kabla hujapeleka jina lolote. Mpe karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza: kiongozi hapimi ugonjwa, hataji ugonjwa wa mtu, habadilishi dawa wala kipimo cha dawa, hasomi vipimo na kutoa hukumu. Akiulizwa, jibu lake ni moja, "hilo tuliandike uliulize kliniki," na kozi inamfundisha mshiriki kwenda kliniki na maswali yake mawili au matatu yaliyoandikwa au kukaririwa. Mstari wa pili: mambo ambayo hayasubiri kikao wala kliniki ya wiki ijayo. Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla, maneno hayatoki sawasawa. Maumivu ya kifua yanayobana. Kupoteza fahamu. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari, hata kiwe kidogo kama cha mwiba. Hayo ni kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kwa mwenye sukari anayetetemeka, anayetoka jasho jingi na kuanza kuchanganyikiwa, kama bado anaweza kumeza apewe maji ya sukari au soda mara moja, kisha chakula. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, apelekwe. Muombe muuguzi akukague hapo, aongeze anachotaka, na umkaribishe aje siku ya nne ya mafunzo ajibu maswali kwa saa moja. Nimeona wauguzi wengi waliokuwa na wasiwasi wakawa marafiki wa kozi baada ya kuona kwamba wagonjwa wanaorudi kliniki sasa wanajua majina ya dawa zao.

Jambo la chakula linanihuzunisha kidogo kila ninapoliandika. Miongozo mingi ya kujitunza imeandikwa kwa watu wenye duka la matunda mtaani. Rwamwanja wengi wenu mnategemea mgao wa chakula cha wakimbizi, na tangu 2023 mgao huo unatolewa kwa viwango vya uhitaji, wengine wakipata kidogo na wengine hawapati. Kiongozi akimwambia mtu ale samaki na saladi, amemwambia kwamba kozi hii si yake. Waulizeni washiriki wenyewe: kwa kilicho jikoni mwako wiki hii, ni kipi kinaweza kubadilika? Watasema mambo ambayo mimi nisingeyafikiria. Tonge la bugali (ugali) dogo zaidi na maharage mengi zaidi. Lengalenga (mchicha) au sombe (kisamvu) ijaze nusu ya sahani kabla ya bugali. Chai ya asubuhi ipungue kijiko kimoja cha sukari kwa wiki moja kabla ya kukata cha pili. Kwa wenye presha, chumvi isirudiwe mezani kwenye ndagala (dagaa) waliokaushwa ambao wenyewe tayari wana chumvi. Na mwenye insulini asiye na friji anaweza kuihifadhi kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, kivulini. Si baridi ya friji, lakini husaidia kuikinga na joto.

Usiandike mwongozo kwa Kiswahili cha vitabu tu. Kwenu kuna Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, kuna Kinyarwanda majumbani, na wenyeji wa karibu wanaongea Runyankore na Rutooro. Katika mafunzo, kila neno gumu mlitafutie neno ambalo bibi yako angelitumia, mkubaliane, mliandike pembeni. Watu wengi, kwa mfano, husema presha "imepanda" pale tu wanapoumwa kichwa, na wasipoumwa wanaamini imekwisha. Kiongozi akilijua hilo mapema anajua pia kwa nini jirani yake aliacha vidonge.

Swali la jina la kozi nalo lisikupite. Kozi ya Stanford, ambayo leo inasimamiwa na Self-Management Resource Center huko Marekani, ina haki zake: taasisi inayotaka kuitumia inachukua leseni na viongozi wake wanafundishwa na wakufunzi waliothibitishwa. Waulize wafadhili wako kama wana leseni hiyo. Kama wanayo, shikeni mwongozo neno kwa neno, msiongeze somo la UKIMWI au la sabuni katikati kwa sababu mgeni amekuja. Kama hawana, mnaweza kuunda kozi yenu kwa misingi niliyoieleza, kwa maneno yenu, ila msiipe jina la watu wengine.

Fedha. Hapa kwetu neno posho ni chakula, yaani ugali, lakini linalovunja vikundi ni ile posho nyingine, ya kikao. Kubalianeni mapema na kwa maandishi: nauli ya boda kwa kiongozi anayetoka mbali, simu ya kupigia waliokosa kikao, chai ya kikundi. Kiasi kiwe kile ambacho kikundi kinaweza kuendelea nacho shirika likiondoka. Nimeona kozi nzuri zikifa mwezi uleule mradi ulipokwisha, kwa sababu ya shilingi elfu kumi ambazo kila mtu alishazizoea.

Usiahidi makubwa. Watafiti walipokusanya majaribio 17 ya kozi zinazoongozwa na watu wa kawaida na kuyachambua pamoja mwaka 2007, walikuta faida zipo lakini ni ndogo na za muda mfupi: uhakika wa mtu kupanda, mazoezi kuongezeka kidogo, maumivu na uchovu kupungua kidogo. Hawakuona kwamba watu walikwenda hospitali kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia kozi itashusha sukari ya kambi nzima, msimwamini, na shirika likitaka muandike hivyo kwenye ripoti, kataeni. Pia kozi haileti dawa. Metformini, dawa ya sukari, ikiisha kituoni kwa mwezi mzima, hakuna mpango wa wiki utakaoijaza nafasi yake, na hilo kikundi chenu kilisemee kwa mkuu wa kituo na kwa LC, yaani baraza la mtaa, kama kikundi. Ninachokiona mimi, na ndicho kinachonirudisha kwenye kazi hii kila mwaka, ni mtu aliyekuja wiki ya kwanza akiangalia chini, na wiki ya sita anamwambia mwenzake mpya, "Njoo ukae hapa, mimi nilikuwa kama wewe." Andikeni tu nani alikuja, nani aliacha na kwa nini, na mipango mingapi ilitimia. Daftari moja linatosha.

Sasa turudi kwenye wiki zako mbili. Alhamisi hii, kikundi kikikaa chini ya mwembe, usiitishe kura. Waeleze wote mpango wa wiki kama nilivyokueleza, kwa maharage, na kila anayetaka kuwa kiongozi apange wake mbele ya watu. Mwenyekiti naye apange. Akitaka kuleta mchungaji na mwalimu, nao wapange, hata kama ni wa kupunguza sukari kwenye chai. Alhamisi ijayo kila mmoja aeleze ilikuwaje. Sikiliza vizuri wanaotimiza, lakini sikiliza zaidi wale walioshindwa. Atakayesimama mbele ya wote na kusema, "Nilipanga siku nne, nilifanya moja, na hii ndiyo sababu," bila kulaumu mtu na bila kujificha, mwandike jina lake juu ya orodha.